Mto wa Mti kwa Bibi-harusi

Victorine wa Lubumbashi, msusi na mtani wangu pale La Rochelle, mtaa wetu wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, alibakiwa na nafasi moja tu ya kuokoa jina lake. Bibi-harusi wa mwisho aliyemsuka aliulalia mnara wa nywele usiku wa kuamkia ndoa, akaingia kanisani kama kuku aliyenyeshewa. Video ikazunguka WhatsApp mpaka kwao Kongo. Sasa mteja mwingine, Gaëlle, anaolewa Jumamosi, anataka mnara uleule, na kusuka ni Ijumaa. Huu nao ukianguka, Victorine afunge saluni auze nyanya.

"Dawa ninayo," nikamwambia. Mimi Mwatumu nauza vinyago sokoni Newtown. Maisha yameshanizaba makofi ya kutosha, siku hizi nayarudishia. Nikamletea mto wa mti wa Waafar, wafugaji wa jangwani kule Ethiopia: mguu mmoja, juu umebonyea kama mwezi mchanga, umeiva weusi kwa siagi ya vichwa. Wateja wangu huukalia wakidhani ni kigoda, wakabingirika.

"Wanaume wa kule hujipaka siagi nywele, wakazitengeneza, wakalala juu ya huu. Asubuhi kila unywele uko kazini."

Tantine Hélène, shangazi aliyemlea Gaëlle, akashika kiuno. "Mutoto yetu alale ku kuni? Yeye ni sufuria?"

"Jaribu wewe kwanza, mama. Au shingo hiyo ni ya kuvalia mkufu tu?"

Victorine akanifinya. Lakini tantine si mtu wa kukimbia uchokozi. Akatandika kitenge sakafuni, akalala chali, mti akauweka kisogoni.

"Eish! Unaniua!"

"Kisogoni utakufa kweli. Geuka ubavu. Mti ukae shingoni, chini ya sikio. Nywele ziachie hewa."

Akageuka. Akafungua mdomo anitukane, kikatoka kikoromo. Victorine akasuka wateja wawili huku akimruka.

Alipoamka, akajipapasa, akaomba kioo, akajitazama huku na huku. Hakuna msuko uliolala; aliyelala ni mwenyewe tu.

"Umusuke," akamwambia Victorine. "Juu kabisa. Bale ba video banyamaze."

Jumamosi, baada ya usiku mzima juu ya mti, Gaëlle aliingia kanisani shingo imenyooka, mnara umesimama, mchungaji akainua macho kabla ya kuinua Biblia. Nje, walewale waliosambaza video walimzonga Victorine, kila mmoja ana binti wa kuozesha.

"Mupange mustari," akasema. "Na mwenye alicheka sana, akae nyuma."