Waliobaki Tumboni Mwangu

Karatasi ya manispaa ilisema siku ya kwanza damu imeonekana, siku ya pili haikuonekana. Sisi wa mji wa Yuzawa tumekizoea kipimo hicho cha damu kwenye choo. Kila mwaka posta inaleta vichupa viwili, unachokoa choo chako kwa kijiti asubuhi mbili tofauti, unatia kwenye bahasha na kupeleka kituo cha afya. Bao moja kwa moja, nikasema. Sare. Timu zikitoka sare hurudiana msimu ujao, kwa hiyo nikaikunja ile karatasi nikaiweka chini ya redio.

Bi Onodera hakukubali. Huyu ni muuguzi wa afya wa mtaa wetu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ana gari dogo jeupe na miguu isiyojua kuchoka. Alikuja Jumanne, akaja Ijumaa, na Jumanne iliyofuata nilitoka bustanini nikamkuta amevua viatu, ameketi mlangoni pangu, anajimiminia chai yangu. Nikamwambia tena kwamba ni sare.

"Mzee Kuwabara, hii siyo mieleka ya sumo. Damu ikionekana mara moja, imeonekana."

"Kwenye sumo hakuna sare, binti. Ungesema mpira."

"Haya, mpira. Refa ni mimi na nimeshapuliza filimbi. Hospitali wana nafasi mwezi ujao tarehe kumi na nne. Unakunywa dawa, tumbo linaoshwa, kamera inaingia, inatoka, unarudi nyumbani unakula. Shida iko wapi?"

"Linaoshwa," nikasema.

"Linaoshwa ndiyo! Ulitaka daktari aone nini mle, supu ya jana?"

"Basi siendi."

Nilifanya kazi miaka arobaini na moja katika kiwanda cha pombe ya mchele, na mtu wa pombe ana miiko miwili. Wa kwanza, hali natto tangu Oktoba hadi Aprili, kwa sababu vijidudu vya yale maharage yenye utelezi vikiingia kiwandani na nguo zako vinaiharibu chachu, na kazi ya majira mazima inamwagwa. Wa pili, haoshi boriti. Boriti zetu zilikuwa nyeusi tii, zimeshika ukungu wa miaka mia na hamsini, na sisi tuliamini ule ukungu ndio pombe yenyewe. Kiwanda cha jirani kiliwahi kupata meneja msomi. Aliona uchafu, akaita watu wa mabomba wakazisugua boriti zote. Tangu siku ile wanauza maji yenye hasira, na hakuna aliyeweza kuirudisha ladha ya zamani.

Mke wangu Fumie alipenda natto kuliko alivyonipenda mimi, na alilisema hilo mbele ya mama yangu mzazi. Lakini alipoolewa aliacha kuila miezi yote ya baridi, ingawa yeye hakukanyaga kiwandani, maana tulikula chungu kimoja. Miaka thelathini na nane alijinyima hivyo. Aprili ikifika ananunua pakiti kumi, anakula amesimama jikoni, ananicheka. Alifariki miaka mitatu iliyopita kwa saratani ya utumbo mpana.

Kila Februari alikuwa akikanda miso, ile rojo ya soya ya kuchachusha, kwa mikono mitupu. Pipa lake la mwisho liliisha mwaka jana. Nililikwangua kwa kijiko, nikalitia maji ya moto, nikayanywa yale maji. Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo hakuna tena kitu kilicho hai hapa duniani kilichopita mikononi mwake, isipokuwa hivyo vijidudu vilivyomo tumboni mwangu, alivyonilisha kidogo kidogo kwa miaka yote ile. Anayetaka kucheka na acheke. Nyumba hii ina vyumba sita, na mimi naongea na tumbo langu.

Hayo yote nilimwambia Bi Onodera. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa sikuwa nimeongea na mtu tangu ile Ijumaa yake. Hakucheka. Alikizungusha kikombe mkononi.

"Marehemu mkeo si alitoa choo chake kwa wale watafiti wa chuo kikuu?"

"Alitoa, kabla ya upasuaji. Na uvimbe wenyewe waliuweka kwenye barafu. Nilisaini mimi."

"Basi nenda ukatoe na chako kabla hujaoshwa. Wavipime pamoja, wakuambie mnafanana wapi. Halafu tarehe kumi na nne unakunywa dawa yangu bila kelele."

"Ikiwa vya kwake vimo."

"Na visipokuwemo utakunywa vilevile. Mzee una kichwa kigumu wewe!"

"Vikiwemo nitakunywa. Nimekupa neno langu."

Nilipeleka choo changu, na wiki ya pili ya mwezi uliofuata nikaitwa chuoni. Daktari Hatakeyama, mtafiti mwenyewe, ni mwanamke wa sauti ndogo, mwembamba, na nadhani hapati usingizi wa kutosha. Alinionyesha kwenye kompyuta mistari ya rangi, kila mstari aina moja ya kijidudu, ya Fumie juu, yangu chini.

"Watu wa nyumba moja hufanana, mzee. Lakini ninyi mmefanana sana. Hiki hapa, hiki, na hivi vyote. Miaka mitatu na bado vipo."

Nilifurahi hadi nikaona aibu. Nilitaka kumkumbatia mtu, na mle chumbani hapakuwa na mtu ila daktari nisiyemjua. Nikayashika magoti yangu mwenyewe.

"Kuna kimoja lazima nikuambie," akasema. Hakuwa akitabasamu. "Ni bakteria wa mdomoni. Hupenda fizi mbovu. Kwa wagonjwa wengine tunamkuta ndani ya saratani ya utumbo, na kwa mkeo tulimkuta ndani ya uvimbe. Kwako yumo pia. Ukoo uleule."

"Ndiye aliyemuua?"

"Sijasema hivyo. Tunamkuta pale pale penye ugonjwa. Kama ndiye aliyeuleta, au alikuja baadaye akapapenda, bado tunabishana."

"Alinipa yeye, au nilimpa mimi?"

"Hilo hatuwezi kulijua."

"Angalia tena hiyo mistari yako."

"Hata nikiangalia mwaka mzima, mzee wangu. Haisemi nani alianza."

Nikamuuliza kama anaweza kumtoa huyo mmoja akawaacha wengine. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama nikioshwa watarudi.

"Wengi hurudi baada ya wiki chache. Wote, sithubutu kuahidi. Wengine watatoka kwenye chakula, wengine kwa watu unaokula nao."

"Nakula peke yangu," nikamwambia.

Daktari aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu.

Kwenye treni ya kurudi nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Fizi zangu zinatoka damu tangu nina miaka thelathini. Fumie alinipigia kelele kila mwaka niende kwa daktari wa meno, nami nilimjibu kwamba mtu wa pombe huzikwa na meno yake. Kila jioni ya baridi tulichovya vijiti vyetu vya kulia katika chungu kimoja, na mimi nilikuwa na tabia ya kuvilamba vyangu kabla ya kuchovya tena. Mama yangu alinichapa kwa tabia hiyo nikiwa mdogo, asifanikiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa mdomoni. Miaka mitatu nimemlea yule mdudu, nimemlisha wali, nimemwita mke wangu! Na bado walikuwemo wengine, mamia kwa mamia, wasio na kosa lolote, wa kwake kabisa. Nililia waziwazi, na abiria wa kiti cha mbele akahama.

Lakini neno nilikuwa nimeshalitoa, na tarehe kumi na nne nilikwenda.

Tulikuwa sita katika chumba kimoja, kila mtu na mfuko wake wa lita mbili na kikombe. Dawa ina ladha ya chumvi iliyotiwa ndimu kwa kulazimishwa. Wenzangu walisindikizwa na wake zao, au waume, au watoto, nao walikuwa wakitaniana nani atamaliza kwanza. Mimi nilikuwa na gazeti. Utaratibu ni kwamba choo kikishakuwa majimaji huvuti maji mpaka muuguzi aje aangalie. Mara ya kwanza na ya pili ilikuwa kazi ya kawaida. Mara ya tatu, ya nne na ya tano nilikwenda mbio, nikabonyeza kengele, nikarudi mbio kwenye kikombe, tena nikiwa na hasira kwa sababu kulikuwa na mechi ya besiboli kwenye televisheni na mzee wa pembeni alikuwa amesimama mbele yake.

Nilikuwa nimepanga kumuaga Fumie mwishoni. Usiku uliotangulia nilitafuta hata maneno ya kusema.

Mara ya nane muuguzi aliinama, akaangalia, akanyoosha kidole gumba. "Safi kabisa, mzee. Hakuna kilichobaki. Hongera!"

Nikamwomba anipishe kidogo. Nikafunga mlango, nikajiweka sawa, mikono ubavuni, nikainama kama tunavyoinamia jeneza. Kisha nikatazama. Maji yalikuwa meupe, naiona chini kaure yenyewe ya choo. Fumie hakuwemo. Alikuwa ameshaondoka zamani, katika mara ya tatu au ya nne, sijui ipi, wakati mimi nawahi besiboli.