Kikombe cha Mama Virginie

Mtaa mzima wa Kadutu ulijua: ukitaka habari ipande mlima haraka kuliko pikipiki, mnong'oneze Domitille pale anapouza sambaza, dagaa wa ziwani. Alijua nani kaposwa Sange na nani kaachwa Uvira. Nyumba moja tu ilimshinda, mlango wa tatu chini ya kwake. Miaka kumi na moja hakukanyaga kwa Mama Virginie.

Sababu? Kaka wawili wakubwa wa Domitille, Honoré na Adalbert, walikufa wakipishana mwaka mmoja: tumbo likiuma hadi mgongoni, mwili ukikauka, macho ya njano. Wote walikuwa wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Mama Virginie. Mtaa ukasema sumu. Na mtaa, tuseme ukweli, ulikuwa Domitille.

Sasa binti yake Joviale akarudi kutoka kwa daktari na karatasi mkononi.

"Maman, nilimuelezea daktari habari za ba tonton Honoré na Adalbert. Anasema inafanana na kansa ya kongosho. Wawili wa tumbo moja, inaweza kuwa inapita mu damu ya familia. Anauliza mama yako alikufa na nini. Kama ni vile vile, tupimwe damu, na mwenye iko nayo afuatiliwe mapema."

Domitille, mjuzi wa vifo vya watu wote, hicho kimoja hakukijua. Mama yake alifia kijijini Mumosho, yeye akiwa na miaka minne. Aliyemuuguza hadi kumfumba macho alikuwa msichana wa jirani. Virginie.

"Angekuwa mwingine yeyote!" alinung'unika. Lakini mtoto alikuwa akingoja jibu. Akajaza beseni la sambaza, akashuka.

Uani kwa Mama Virginie wanawake walikuwa wakisukana. Vitana vikasimama hewani.

"Eh, Domitille! Leo barabara imeharibika, unapitia kwangu?"

"Nimekuletea sambaza, maman."

"Za mwaka gani? Maana nimezingoja kumi na moja."

Ua mzima ukacheka. Domitille naye, bila kupenda. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

Mama Virginie akafuta mikono taratibu. "Mama yako? Macho njano kama mawese. Alilala amekunja magoti, mgongo unamuuma usiku na mchana. Na walisema sumu. Unajua walimtaja nani? Shangazi yako mwenyewe, ule mwenye kuogopa hata kuchinja kuku!"

Domitille akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watatu, basi. Na wa kwanza alikufa kabla Virginie hajaanza kuuza kasiksi.

"Nilikuchafua jina mutaa muzima, maman."

"Mpaka sokoni. Nilisikia. Sauti unayo."

Kikombe cha kasiksi kikaletwa. Desturi ni mwenye nyumba kuonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu ndani. Mama Virginie akakiinua mdomoni. Domitille akakidaka.

"Acha, maman. Usionje."

Akanywa yote, wanawake wakihesabu mafunda, hadi kikombe kikatazama chini.

"Kesho naenda na Joviale kutolewa damu," akasema, akijipangusa. "Naogopa sindano."

"Nitakushika mukono. Lakini huku mutaani nani atasema haikuwa sumu?"

"Nilianza mimi, nitamaliza mimi."

Jua halijagusa ziwa, habari ilikuwa imeshafika kileleni, na uani kwa Mama Virginie vikombe havikutosha.