Waya Mfupi wa Mama

Nina ndugu wawili na swichi moja ya mtandao, na ukiniuliza kipi kimenitoa jasho zaidi nitakujibu bila kufikiri. Swichi, angalau, ukiiamuru kitu inatii.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wallahi ningekwenda kulima. Lakini mimi ndiye fundi mitandao wa ukoo, tena mtoto wa katikati, kwa hiyo jembe langu likawa bisibisi na laptopu, na shamba langu likawa kabati la ukutani ghorofani, nje ya mlango wa chumba cha mama.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja. Juu anaishi mama. Chini kuna maduka mawili yanayotazama barabara, yamegawanywa na ukuta mmoja. Upande huu kaka yangu mkubwa anatoa fotokopi, anachapa barua za watu na kupiga picha za vitambulisho. Upande ule mdogo wangu, ambaye sote tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, ana duka la dawa. Mtandao ni mmoja. Waya zote zinapanda hadi kwenye lile kabati na kuingia kwenye swichi, boksi la chuma lenye safu mbili za vitundu, ambavyo sisi mafundi tunaviita poti.

Ugomvi ulianzia kwenye printa. Walinunua printa za aina moja, tena kwa kushindana wala si kwa kushauriana. Siku moja kompyuta ya Kitinda ikachanganyikiwa, na lebo ya dawa yenye jina la mteja na maelezo ya kutumia ikatokea kwa kaka. Mtu mwenye akili timamu angeikunja akaipeleka kwa jirani. Kaka yangu aliisoma kwa sauti mbele ya foleni. Ilikuwa dawa ya bawasiri, na mwenye dawa, mwalimu mkuu mzima na miwani yake, alikuwa kwenye foleni hiyohiyo akisubiri fotokopi. Kaka anasema alikuwa anatania. Kwa kaka kila kitu ni utani mpaka afanyiwe yeye.

Tangu hapo hawasemeshani. Kitinda akatafuta fremu ya duka mtaa wa mbali, akapewa funguo, akaja kuniambia neno moja: leo hadi saa ya kufunga, kama karatasi zake bado zinaweza kufika kwa yule bwana, kesho asubuhi anahamisha dawa zake zote. "Yule bwana" ni kaka yake, tumbo moja. Nilipompelekea kaka habari hizo, akasema na aende, hewa itaongezeka. Sikio la kufa halisikii dawa, hata likipangishwa mlango wa pili na duka la dawa.

Na mimi sikuwa nawaza duka. Nilikuwa namwaza mama. Tangu alipovunjika nyonga hashuki ngazi, anatembea na kile kigari chake cha kushikilia, kutoka kitandani hadi ukumbini, basi. Wanawe anawaona kwa kamera. Nilimwekea skrini juu ya meza ya vioo, imegawanyika katikati: kushoto duka la kaka, kulia duka la Kitinda. Kuanzia milango inapofunguliwa hadi inapofungwa yuko hapo na kikombe chake. Atakuambia Kitinda hajala tangu asubuhi, atakuambia kaka yako ana mafua lakini anajikaza. Kitinda akihama, nusu ya skrini ile inakufa, na mama hana miguu ya kumfuata. Habari ya kuhama tulikubaliana tusimwambie. Hilo ndilo jambo pekee ambalo ndugu zangu walikubaliana mwaka huu.

Basi nikapanda. Kazi yenyewe haina maajabu. Swichi moja unaigawa kwa maagizo iwe kama swichi mbili zisizojuana. VLAN, ndivyo tunavyoita. Poti za kaka nikaziweka kundi moja na kuzibandika karatasi nyekundu, za Kitinda kundi la pili na karatasi ya kijani, halafu poti ya intaneti nikairuhusu kwa wote. Kulikuwa na waya mmoja usio na alama, nikauweka upande wa kaka nikidhani ni wa televisheni ya sebuleni. Vumbi la kabati lile likanipigisha chafya mpaka mama akanitakia afya kutoka chumbani.

Kipimo chake ndicho kinachowavuruga watu. Unatuma mwito kutoka kompyuta hii kwenda ile, na unaomba usijibiwe. Ukikosa jibu, umefaulu. Nikakaa kwenye kompyuta ya kaka, nikatuma mwito kwa printa ya Kitinda. Kimya. Nikafurahi. Kaka, aliyesimama nyuma yangu akinipulizia shingoni, akaniuliza kama nilisoma miaka yote ile ili nije kuharibu vitu vilivyokuwa vinafanya kazi. Nikamwambia asinipande kichwani.

Nikahamia kwa Kitinda nimwonyeshe. Akasema hataki maelezo, anataka kuona. Akabonyeza kuchapa, akachagua kwa makusudi ile printa ya kaka, ambayo haikupaswa hata kuonekana kwenye orodha. Ilikuwepo. Na kutoka upande wa pili wa ukuta tukaisikia ikikohoa karatasi.

Kitinda akavuta katoni tupu kutoka chini ya kaunta, akaanza kupanga chupa za dawa ya kikohozi. Ningependa angenitukana.

Nikapanda ngazi roho mkononi. Maagizo yote nikayakuta kama nilivyoyaacha. Nikayafuta, nikayaandika upya neno kwa neno. Nikawasha swichi upya, na kule chini kaka akaanza kupayuka kwamba intaneti imekatika na ana mteja. Ndipo nikauona: waya mfupi wa bluu, mmoja wa zile nilizokuwa nimeziacha kwenye rafu, umechomekwa poti nyekundu upande mmoja na poti ya kijani upande mwingine. Waya wa hivyo unafuta kazi yote. Ni sawa na kujenga ukuta kisha ukautoboa dirisha. Nikajilaumu, nikadhani ni mikono yangu mwenyewe katika chafya zile. Nikauchomoa, nikaurudisha rafuni, nikashuka, nikapima. Kimya kitamu. Kitinda akajaribu, printa ya kaka haikuonekana. Akaacha kupanga katoni, ingawa hakuzirudisha chupa mahali pake.

Sikuwa hata nimemaliza maji niliyopewa. Printa ya kaka ikakohoa tena. Kitinda alikuwa amejaribu mara ya pili, maana huyu mtoto tangu zamani hamwamini mtu. Safari hii alikuja nayo katoni hadi mlangoni. Akaniambia, kwa upole ambao uliniudhi kuliko kelele za kaka, kwamba nisijisumbue tena, dada, si kila kitu kinatengenezeka.

Damu ikanichemka. Nilipanda zile ngazi nikisema peke yangu, nikiwatukana wote wawili, na printa zao, na aliyebuni printa. Waya wa bluu ulikuwa umerudi, poti tofauti, nyekundu na kijani vilevile. Sasa hapo hata mwehu angejua si chafya. Nikauchomoa, nikauacha rafuni palepale, nikaingia bafuni mkabala na kabati na kuuacha mlango wazi kidogo.

Nikasikia kigari kikija. Kigari cha mama kina gurudumu moja linalolia. Akafika kabatini, akavaa miwani, akachukua waya, akapapasa poti kwa ncha ya kidole bila haraka, akachomeka huku, akachomeka kule. Akageuza shingo kutazama chumbani kwake, kwenye skrini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama yangu alikuwa opareta wa simu. Alianza kabla hatujazaliwa, akaacha siku walipoleta mitambo inayojiunganisha yenyewe. Mbele yake palikuwa na ubao wenye matundu, na kazi yake ilikuwa moja: huyu anamtaka yule, hawasikiani, chukua waya, unganisha. Alitulea kwa kazi ile, na mikono yake haijaisahau.

Nikatoka bafuni nikamuuliza anafanya nini. Hakushtuka hata kidogo.

"Naunganisha," akasema. "Kitinda amepotea kwenye skrini tangu ulipoanza kugonga-gonga humu. Nikichomeka nyekundu na kijani, anarudi. Wewe kila ukija unachomoa. Nikasema labda hujui."

Labda sijui. Nikaangalia ule waya usio na alama, niliodhani ni wa televisheni. Ulikuwa wa skrini yake. Nilikuwa nimemfungia upande wa kaka bila kujua, nikamkata macho ya upande wa pili, naye akajitafutia njia. Lakini hasira haisubiri mtu apime nani mwenye kosa. Maneno yakanitoka yote, kwa sauti: kwamba waya huo ndio unaomfukuza Kitinda, kwamba ana funguo za fremu nyingine mfukoni, kwamba katoni ziko mlangoni, na kila anapochomeka anamsukuma mwanawe nje ya nyumba.

Mama akakishika kigari kwa mikono miwili. Nilitamani niyameze maneno yangu, lakini yalishatoka.

"Anahama," akasema, bila kuuliza. "Na mmenificha."

Nikamwambia ndiyo. Akaniomba kiti, nikamletea stuli, akakaa palepale ukumbini. Nami nikageukia swichi, maana sikuweza kumtazama. Nikauchomoa waya wa bluu. Poti ya skrini yake nikaitoa upande wa kaka na kuiweka kama ile ya intaneti: inawafikia wote wawili, bila wao kufikiana. Kazi ya dakika chache tu, ningeifanya tangu mwanzo kama ningemuuliza mwenye nyumba waya huu ni wa nani. Chumbani nusu ya kulia ikawaka, Kitinda akaonekana ameinama juu ya katoni.

Mama aliponyoosha shingo akamwona, sikusubiri anishukuru. Nikashuka. Kitinda akajaribu mara tatu, lebo zote zikatoka kwake mwenyewe. Nikakaa kwa kaka, nikatuma mwito, sikujibiwa. Kila kipimo kilipita. Nikarudi juu kumwambia mama kwamba sasa imekwisha, anawaona wote, na Kitinda hana sababu ya kuondoka.

"Na wao?" akauliza. "Wanaonana?"

"Hawaonani, mama. Ndivyo walivyotaka."

Akauokota ule waya wa bluu rafuni, akauzungusha kidoleni.

"Nikiwa kazini mimi, sawa," akasema. "Opareta akiondoka, nani atawaunganisha?"

Nilisimama pale kama mjinga na laptopu yangu yenye vipimo vilivyofaulu. Hasira ilinipanda, maana siku nzima nilikuwa nimehangaika kutengeneza kitu ambacho mama yangu hakuwa amekihitaji hata kidogo.

Nikashuka kwa mara ya mwisho na kuwadanganya. Niliwaambia, mmoja mmoja, kwamba kimebaki kipimo kimoja, kinafanyika chumbani kwa mama, na bila wote wawili kuwepo hakihesabiki. Kitinda akasema hapandi kama yule bwana anapanda. Kaka akasema ana wateja. Nikawaambia vizuri, basi nichomeke waya nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa, dawa za watu zisomwe hadharani mpaka kiama. Kitinda akatangulia. Kaka akafuata baadaye, akiguna kila ngazi.

Walikuwa hawajakutana chumba kile kwa muda mrefu, na ilionekana. Kitinda alisimama dirishani, kaka akaegemea mlango, kitanda cha mama kikiwa kati yao. Hakuna aliyetaka kukohoa kwanza. Mimi nikajifanya nabonyeza-bonyeza laptopu.

Mama hakuwatazama. Alitazama skrini. Kushoto, kiti cha kaka kikiwa kitupu, karatasi imekwama nusu ndani ya mashine. Kulia, kaunta ya Kitinda, katoni imefunguka, nako kuna giza kidogo. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akainua uso na kumtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Zima, mwanangu," akaniambia. "Huko hakuna mtu."

Nikazima. Kitinda akajikumbusha, akasema ameacha duka wazi, lazima ashuke, akapiga hatua kuelekea mlangoni alikosimama kaka. Kaka hakumpisha. Wala hakumtazama, alikuwa akiangalia kucha zake.

"Kaa chini," akasema. "Mlango wako nimeufunga nilipokuwa napanda."

Kitinda akasimama pale kwa muda, mkono mfukoni kwenye zile funguo. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda.