Upande wa Kushoto wa Barabara ya Mashine

Mwalimu Tusajigwe alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake hakuitafuta: akiona picha ya zamani ya Dar es Salaam, chakula hakimpiti kooni mpaka ajue ilipigwa wapi. Tangu astaafu kufundisha jiografia, asubuhi zake zilipita barazani kwake Mwananyamala, simu mkono wa kulia, kalamu mkono wa kushoto, akingoja watu wa kundi la WhatsApp liitwalo Hapa ni Wapi walete kitendawili. Mtu akituma picha ya kituo cha mafuta cha mwaka sabini, huyu atasema Magomeni, yule Ilala, watabishana mpaka waanze kutukanana kwa adabu. Mwalimu hunyamaza. Hutazama kivuli kimelalia wapi, nguzo za umeme ni za mti au za chuma, kisha huandika neno moja: "Ubungo." Na kweli huwa Ubungo. Wanachama mia nne walimbandika jina la Ramani, na tuseme ukweli, alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake kule Tukuyu.

Mwezi wa tano ikaja picha ya Zubeda, fundi cherehani wa Kiwalani. Chini yake aliandika: "Shikamooni wakubwa. Hii ni arobaini ya marehemu kaka yangu, Barabara ya Mashine, mwaka 1974. Mie sijazaliwa. Naomba kujua, ukiwa unaelekea msikitini, nyumba hii ilikuwa kulia au kushoto? Barabara inapanuliwa, upande wote wa kushoto unachimbwa Jumatatu. Mama anasema kaburi la mtoto liko huko. Sie hatuna hakika, mama siku hizi anasahausahau."

Mwalimu aliikuza picha mpaka ikawa chengachenga. Barabara ya vumbi ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye msikiti mdogo, mnara mmoja katikati ya paa. Kulia kwa barabara palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na ubavuni mwake tuta dogo la udongo ambalo halikuhitaji kuelezwa. Mbele ya nyumba wanaume sita walikuwa mkekani, wamezunguka sinia la wali. Hao aliwapita haraka. Watu huhama na hufa. Anayetafuta mahali hutazama nyuma ya watu.

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kubahatisha, siku ya pili alikwenda mwenyewe. Msikiti ulikuwepo, umepakwa rangi ya kijani, mnara ule ule katikati. Alisimama barabarani, simu mbele ya macho, akarudi nyuma hatua kwa hatua, bodaboda zikimpigia honi na mama mmoja wa mihogo akimuuliza kama amepotelewa na kitu. Kulia palikuwa na fremu za maduka zilizoshikana. Kushoto kulikuwa na kiwanja kitupu, kisiki cha mkorosho, na alama nyekundu za wapima barabara. Picha ilionyesha nyumba kulia. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kujibu.

Kitu kimoja tu kilimkera. Zubeda alimwambia kwa simu kwamba mama yake anakumbuka wali uliliwa saa tatu asubuhi, maana wanaume walikuwa wanawahi kazini. Msikiti uko kaskazini mwa pale, na kwenye picha vivuli vimelalia kulia, yaani mashariki. Hicho ni kivuli cha alasiri. Mwalimu alikuna kichwa, halafu akajipa jibu lililomfaa: bibi kasahau saa kama alivyosahau upande. Akaandika kwenye kundi: "Kulia. Picha haidanganyi." Vikamiminika vidole gumba themanini.

Jumamosi asubuhi Zubeda akamtumia ujumbe peke yake. "Asante mwalimu. Kaka zangu walioko Lindi wamesema basi, kama ni kulia kaburi lilishajengewa maduka zamani, tusisumbue watu wa barabara. Ila mama tangu juzi hali. Anasema tumemwibia mtoto."

Mwalimu alilisoma hilo neno la mwisho mara tatu. Aliona aibu, ingawa hakujua bado aibu ya nini. Akavaa viatu.

Bi Mwajabu, mama yake Zubeda, alikuwa kakaa kwenye mkeka chumbani kwao Kiwalani, mwembamba, kanga mbili, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mwalimu alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Ndiye huyo Ramani?"

"Ndiye, mama," alisema Zubeda.

"Kaa hapa kulia kwangu, Ramani. Nataka nikuulize. Wewe umezaa?"

"Wawili, mama."

"Ukizika mmoja, utamuuliza nani umemzika wapi?"

Bi Mwajabu hakusubiri jibu. Alieleza taratibu, bila kulia. Mtoto aliitwa Mshamu, alikuwa na miaka miwili, surua ikamchukua ndani ya siku nne. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mpiga picha walikuja kumwita siku ya arobaini, na alichokikuta ni udongo. "Sina sura yake pahala popote. Nina pale tu. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe, kina ua jekundu, mdomo umebanduka kidogo kwa kukiangusha. Nilikifukia kichwani kwake, nikakifudikiza. Kila nikipita nasimama, namsalimia. Leo mnaniambia miaka hamsini nasalimia kiwanja cha watu."

Zubeda aliinama. Ndiye aliyemsikia mama yake akimwita kwa jina la shangazi, ndiye aliyeinywa chai yenye chumvi. Utamwaminije mtu, halafu utaachaje kumwamini, naye ni mama yako? Akanyanyuka akaleta sinia la wali wa nazi na samaki, akawanawisha mikono, akambembeleza mama yake ale japo matonge mawili kwa heshima ya mgeni.

"Haya, kwa ajili ya mgeni," alisema bibi. "Karibu, Ramani."

Wakapeleka mikono kwa pamoja, na mikono ikagongana juu ya wali. Mara ya pili ikagongana tena. Bi Mwajabu akasita, akaupapasa ule mkono wa mgeni mpaka kwenye kidole gumba.

"Mwalimu! Unakula kwa mkono gani?"

Uso ulimuwaka. Miaka sitini na mitatu, na bado alijisikia yuko mbele ya mwalimu wa darasa la kwanza aliyemchapa vidole kwa rula. "Shoto, mama. Nisamehe. Nyumbani nakulaga kwa kijiko, ndiyo maana nikajisahau."

Bibi alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Wallahi una bahati mume wangu hayupo. Yule angekuondoa mkekani! Hakuwa anakaa sinia moja na mtu wa kushoto, hata awe sheikh. Huyu kaka yake Zubeda, mmoja wa wale wa Lindi, alizaliwa na shoto kama wewe, baba yake alimfunga mkono kwa kitambaa mpaka akaacha."

Mwalimu alikuwa ameshauhamisha mkono. Tonge lilikuwa nusu ya safari, akalirudisha.

"Zubeda, naomba simu. Kwenye picha, baba yako ni yupi?"

"Huyu mwenye kofia, shati jeupe."

Mwenye kofia alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Wa pembeni yake, kushoto. Mwalimu akapeleka kidole kwa wote sita, mmoja mmoja kama anayeita mahudhurio. Sita, wote kushoto. Na mfuko wa shati la baba, badala ya kukaa juu ya moyo, ulikuwa kifua cha kulia.

Aliitazama picha ile wiki nzima. Watu mia nne waliitazama, wakaona makuti, wakaona mnara. Zubeda alimtazama baba yake usoni. Bibi, ambaye angeliona jambo hilo kabla hujamaliza kusema bismillahi, alikuwa haoni. Na yeye Ramani aliona mikono ya kushoto ikila, jicho lake likapita bila kujikwaa, kwa sababu hivyo ndivyo yeye anavyokula.

"Hii picha uliitoa wapi?"

"Haikuwa picha," alisema Zubeda. "Ilikuwa filamu, kipande tu, kwenye sanduku la marehemu baba. Nikaipeleka studio wakanisafishia."

"Filamu ina pande mbili, mwanangu. Ukiilaza kinyume, dunia inageuka kama kwenye kioo."

Akabonyeza simu, akaipindua picha. Mfuko ukarudi juu ya moyo. Mikono sita ikawa ya kulia. Vivuli vikalalia magharibi, kama vinavyolala saa tatu asubuhi. Na nyumba, na tuta lake, vikavuka barabara.

Zubeda aliziba mdomo kwa kanga.

"Mama," alisema Mwalimu, "nilikosea mie. Kaburi liko kushoto. Na wali mliula saa tatu."

"Nani kasema?"

"Picha."

"Ahaa." Bi Mwajabu akafinyanga tonge. "Basi vizuri, hatimaye picha nayo imekumbuka."

Siku hiyo hiyo Mwalimu aliandika kwenye kundi: "Nilisema kulia. Ni kushoto. Mwenye kumbukumbu alikuwa sahihi, Ramani ndiye aliyepotea." Kisha akaongozana na Zubeda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Fransis, wakamwonyesha picha zote mbili. Mzee Fransis alizitazama, akatazama mikono, akaguna. Naye ni mtu wa kula na watu. Akampigia msimamizi wa barabara, wakakubaliana kwamba Jumatatu katapila lisubiri mpaka saa nne.

Jumatatu saa moja wanaume wanne wa msikitini walianza kwa jembe karibu na kisiki cha mkorosho. Saa mbili hakukuwa na kitu. Saa mbili na nusu dereva wa katapila alishuka, akaegemea gurudumu, akatazama saa. Zubeda alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu mpaka bibi akamwambia, "Unaniumiza." Mwalimu alishindwa kusimama mahali pamoja, alikuwa akijiuliza kama mtu anaweza kukosea mara mbili kwenye picha moja.

Ndipo jembe likalia kama limegonga bati.

Mzee Fransis mwenyewe alishuka, akafukua kwa vidole. Kilikuwa kimefudikizwa. Kutu ilikula ukingo mmoja, lakini alipokifuta kwa shuka la kikoi, weupe ulitokea, halafu wekundu. Alikiweka mikononi mwa Bi Mwajabu.

Bibi alikizungusha, dole gumba likitembea ukingoni, mpaka likafika palipobanduka, likatulia hapo. Wanaume walikuwa wakiandaa sanda ndogo. Dereva wa katapila alivua kofia.

"Asalaam aleikum, Mshamu," alisema bibi. "Tunahama, mwanangu."

Alihitaji mikono miwili ili ajifunge kanga vizuri, akanyoosha kikombe upande aliposikia pumzi za Mwalimu. "Nishikie."

Mwalimu alinyoosha mkono uliotangulia, akakumbuka, akaurudisha haraka, akatoa wa kulia. Bi Mwajabu aliupapasa, akausukuma kando.

"Nipe ule mwingine," alisema. "Ule uliogongana na wangu."