Baiskeli Mlimani Mkumbi

Malipo ya pili ya kahawa yalifika Mkumbi wakati Kilian amekwisha kufyeka nyasi na kuzilaza mlimani, mraba kwa mraba. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkewe, Emerensiana: kuchimba katikati ya kila mraba, kuzifukia nyasi kwa udongo na kupanda maharage juu yake. Ndivyo ngolo inavyotengenezwa, na mvua za mwisho hazimsubiri mtu.

Fedha hiyo walikuwa wameipangia mabati ya ghala, maana mwaka uliopita paa la nyasi lilivuja, mbegu zikaoza. Kilian akateremka Mbinga alfajiri akipiga mluzi. Jioni akarudi na baiskeli mpya, nyeusi, inang'aa. Ila mlima ulikuwa mkali, kwa hiyo alikuwa ameibeba begani.

"Shemeji," jirani yao Ottilia alimwita toka shambani, "leo nani kampanda mwenzake?"

Mteremko mzima ukacheka. Kilian akainua kidevu, akapiga kengele.

Emerensiana aliitazama baiskeli, akampakulia mumewe chakula. Asubuhi hakushika jembe.

"Mama Gertrude, tazama mawingu yale. Maharage je?"

"Nyasi umezilaza vizuri, Baba Gertrude. Iambie baiskeli izifukie."

"Kahawa ni yangu."

"Basi leo tutakula kahawa."

Kilian akachukua jembe mwenyewe. Hajamaliza shimo moja, wanawake wa mlima wa pili wakaacha kazi kumtazama, mmoja akaanza kumwimbia. Akalitupa jembe, akaibeba baiskeli, akateremka mbio.

Sokoni Mbinga alimkuta Egidi, mchuuzi wa dagaa kutoka Lituhi, ambaye huzunguka tambarare ya ziwa kwa miguu. Egidi aliipanda baiskeli, akalizunguka soko, akakataa kushuka. Wakapatana bei akiwa juu yake.

Jua lilipoanza kuinama, mlima ulisikia kishindo cha mabati. Kilian alikuwa anapanda na mzigo kichwani, jasho linamtiririka, anaimba kwa sauti yake yote:

*Gurudumu nimeuza, mabati nimeyatwaa,*
*Na mbegu hazitaoza, ghalani kavu zakaa.*

Alipofika shambani, Emerensiana na Ottilia walikuwa wamekwisha kuinama, udongo unaruka, safu ya kwanza ya ngolo imesimama.

"Huyatazami mabati yako?" Kilian aliuliza, akihema.

"Nitayasikia mvua ikinyesha," alijibu mkewe bila kuinua kichwa. "Sogea, umekanyaga maharage."