Zamu ya Maji ya Chande

Tulipomaliza arobaini ya baba, kaka yangu Chande alisema mbele ya wazee wa kijiji chetu cha Kisiwani kwamba shamba la bondeni ni langu, kama marehemu alivyousia, na yeye abaki na nyumba. Hakubishana hata kidogo. Mtu aliyezoea kugombea hata shingo ya kuku! Nilipaswa kushtuka, lakini nilifurahi, nikampikia pilau. Ubwege mwingine hauna dawa.

Nikasaini kumwachia nyumba. Nyumba ya nini, wakati bonde lile ndilo linalotulisha mimi na wanangu wawili tangu niachike? Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yakisubiri maji ya Jumanne.

Huku kwetu shamba bila zamu ya maji ni vumbi tu. Maji hutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu juu ya kijiji, na zamu haifuati shamba. Inamfuata anayechimba tope. Kila mwaka hupigwa msaragambo, kazi ya wote, tunazoa matope ya ndiva na jina la mwenye zamu linaandikwa. Asiyechimba hana maji.

Mimi nimechimba miaka tisa. Baba alipoanza kuumwa miguu nilikwenda badala yake, Chande yuko Same mjini anauza vipuri vya pikipiki. Baba aliona aibu nyumba yake kusimamiwa na binti. Akaniambia, "Tausi mwanangu, wakikuuliza, sema unamchimbia kaka yako." Nikasema hivyo, mwaka hadi mwaka.

Jumanne, siku ya zamu yetu, nikapanda ndivani na jembe kufungua maji. Mzee Salehe, mgawa maji, akanizuia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo maji yanakwenda kwa jirani yako Yasmini. Kaka yako kamkodisha zamu yake."

"Zamu yake ipi? Si umeniona mwenyewe nikizama kwenye tope?"

Akafungua daftari, hakunitazama usoni. "Nimekuona. Lakini ulikuwa ukisema unamchimbia nani?"

"Basi niandike mimi."

"Majina mapya hatupokei, mama. Maji yenyewe hayatoshi."

Nikampigia Chande pale pale. Nilidhani ataona haya.

"Baba alikuachia shamba, mdogo wangu," akasema. "Maji hakuyataja."

"Ulijua."

"Nilijua. Kwani wewe hukujua?"

Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka hata kwa yule aliyeniacha. Akasubiri nimalize. Kisha akasema msaragambo ni Jumamosi, na yeye biashara imembana. Nikimchimbia kama kawaida, kwa jina lake, ataniachia nusu ya zamu, Yasmini abaki na nusu. Nisipotaka, atatafuta kibarua, na mimi nimuuzie shamba.

Namchukia ndugu yangu. Wanaosema damu nzito kuliko maji hawajawahi kuishi Kisiwani. Na baba naye, Mungu amrehemu, nina kinyongo naye, maana aibu yake ndiyo iliyonivua nguo.

Kutoka kule juu niliyaona mahindi yangu. Majani yalikuwa yameanza kujikunja, na wanangu wangerudi kutoka shule saa nane wakitaka kula.

"Nitachimba," nikamwambia. Na kwa kuwa nilijua anaweza kubadili mawazo, nikamwambia na asante.