Fundo la Kushoto

Biao alimpiga Tao Shuncai mbavuni kwa kisogo cha shoka, mara mbili, kisha akarudi nyuma ili bosi wake, Kuang, anywe maji kwa utulivu. Kibanda kilikuwa na joto. Nyuma yao rundo la majani ya chai, tani nane chini ya magunia yaliyoloweshwa, lilikuwa linaiva siku ya ishirini na tano kwa joto lake lenyewe, na asubuhi nzima ilinuka udongo mbichi.

Tao Suhua, dada yake Shuncai, alikuwa ameletwa kuhukumu. Kwa miaka thelathini hakuna mtu Menghai aliyemsikia akisema uongo kuhusu chai. Kuang alikuwa amesafiri kutoka Guangzhou na duara moja mkobani: chai iliyoshindiliwa kwa jiwe ikawa bapa kama sahani, ambayo Shuncai alimuuzia akisema ni chai mbichi, isiyoivishwa rundoni, iliyozeeka miaka ishirini.

"Mteja wangu aliipasua mbele ya wageni sita," Kuang alisema. "Wakanicheka. Haya, Fundi Tao, niambie. Hii ni nini?"

Suhua alibandua majani ya juu kwa ncha ya kisu cha chai, akayatia kwenye kikombe cha kifuniko na kumimina maji yanayochemka. Maji yalitoka mekundu, maangavu, yenye harufu ya ubao mkavu. Aliokota jani akalivuta. Lilinyooka, la kahawia, laini.

"Ya juu ni mbichi na imezeeka kweli. Ilikaa ghala lenye unyevu, ndiyo maana ina harufu kidogo ya ukungu, lakini inaisha kikombe cha tatu. Jani bado linafunguka."

"Umesikia, Bosi?" Shuncai alisema kutoka sakafuni, mikono imefungwa, kidevu kina damu. "Dada hadanganyi."

"Nyamaza wewe," Suhua alimwambia.

Akazamisha kisu hadi moyo wa duara. Majani ya ndani yalitoa maji meusi tangu mmimino wa kwanza, mazito, yasiyo na uchungu wala utamu wa kubaki kooni. Jani halikufunguka. Alipolibana, lilivunjika kama mkaa.

"Ya ndani ni ya rundo. Imeivishwa siku arobaini na tano, si miaka ishirini. Mtu ameifunika kwa kofia ya chai nzuri."

Biao alimpiga Shuncai mdomoni. Jino liliruka, likatua kwenye sinia kati ya vikombe. Kuang aliliokota kwa koleo la chai, akalitupa nje.

"Hilo nilikuwa nalijua, Fundi. Nilitaka kuona kama na wewe utanichezea. Sasa sikiliza. Muuzaji ni mdomo tu, mimi natafuta mkono. Aliyeshindilia duara hili namkata kidole kimoja, yaishe. Lakini huyu mdogo wako ameniapia mara tatu, kwa kaburi la mama yenu, kwamba mkono wake haujaligusa. Nikikuta ni yeye, namfukia ndani ya rundo lile, kichwa kwanza."

"Mimi nililinunua lilivyo!" Shuncai alipiga kelele.

"Basi huna haja ya kuogopa, mpenzi," Biao alisema, akamkanyaga shingo.

Kuang aligeuza duara. Nyuma, katikati, palikuwa na kishimo: pale fundo la mfuko wa kitambaa linapozama jiwe likishuka. Mikunjo yake ilizunguka kuelekea kushoto.

"Miaka ishirini nashika vitu hivi," alisema. "Karibu wote mnasokota kulia. Biao, mfungue. Ashindilie moja mbele yangu."

Suhua alikuwa ameshaiona ile mikunjo. Shuncai alitumia mkono wa kushoto tangu utotoni. Suhua ndiye aliyemfundisha kusokota mfuko, wamekaa wakitazamana kama mtu na kioo.

"Anza na mimi," alisema.

Kuang alimgeukia. "Na wewe?"

"Umesema unatafuta mkono. Mimi ninayo miwili."

Alijaza majani kwenye kopo lenye matundu, akaliweka juu ya mvuke, akayamimina mfukoni. Kitambaa kiliunguza. Mkono wake wa kushoto haukuwa umefanya kazi ile hata siku moja, kwa hiyo alifumba macho na kumwona mdogo wake wa miaka kumi mbele yake, akamfuata, kidole kwa kidole. Akafunga fundo, akateremsha jiwe, akapanda juu yake na kuyumba ili lishindilie.

Walingoja nusu saa duara lipoe. Biao alijaza muda huo kwa mbavu za Shuncai. Kisha Kuang akavua mfuko na kuweka maduara mawili bega kwa bega. Mikunjo yote ilikwenda kushoto.

"Kwa nini ulijihukumu mwenyewe?" Kuang aliuliza.

"Uliuliza ni chai gani. Nikakujibu."

Biao alitumia panga la kukatia kuni. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatika kwa pigo la pili; la kwanza liligonga mfupa. Suhua aliuma ukosi wa koti lake na hakuanguka. Kuang alifunga maduara yote mawili mkobani, akainama kidogo kama mgeni anayeaga, na gari lao likaondoka.

Suhua alijifunga kisiki cha kidole kwa mfuko wa kushindilia, akaukaza kwa meno. Kisha akamkatia ndugu yake kamba.

Shuncai alikaa, akatema damu, akaanza kucheka.

"Dada, umewapiga chenga! Siku nyingine nasokota kulia, hakuna atakayejua."

"Siku nyingine?"

"Yamebaki maduara mia mbili ghalani. Tunayafungua, tunayasokota upya."

Suhua alimtazama hadi kicheko kikaisha chenyewe.

"Njoo unisaidie jiwe," alisema. "Mkono wangu hauwezi."

Alikuja. Wakaliinua pamoja, Suhua kwa mkono wa kulia. Shuncai alipitisha wa kushoto chini ya ukingo ili alibebe vizuri, na Suhua akaliachia liuangukie.

Lilikuwa na kilo thelathini na mbili. Alilipima mwenyewe, mwaka walioanza kazi.